Kadi Sita za Mguu wa Faustin

Ninyi mnaoanza kupuliza filimbi kwenye Kombe la Ndoo, kwanza niwape pole. Mtatukanwa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kirundi na kwa Kizulu, na siku nyingine kwa lugha zote nne ndani ya dakika moja. Mimi nimetukanwa miaka saba. Nilianza miaka miwili kabla ya Kombe la Dunia kuja huku Afrika Kusini, nikaacha siku goti langu la kulia lilipogoma hata kupanda ngazi za ghorofa tunapoishi, South Beach. Mke wangu anasema goti lina akili kunizidi, maana lilijua kustaafu mapema.

Nimeombwa niwaandikie mambo ya kazi hii. Nitaandika kadiri yanavyonijia, msinitafutie mpangilio.

Filimbi ikae mkononi, isikae mdomoni. Hilo nilifundishwa na Baba Cele, mzee wa Kizulu aliyekuwa akitunza uwanja wa manispaa tunaochezea, ule wa bondeni ukishuka kutoka Morningside. Katika mechi yangu ya kwanza niliing'ata filimbi tangu mwanzo, na kwa kuwa sikuwa na pumzi, kila nilipohema kwa nguvu ililia yenyewe. Wachezaji walisimama mara tisa bila kosa lolote. Baba Cele alikuwa amekaa juu ya mashine yake ya kukatia majani, anacheka mpaka anafuta machozi. Wakati wa mapumziko akaniita, akaniambia kwamba filimbi ikiwa mkononi, ule muda wa kuipeleka mdomoni ndio muda wa kufikiri. Mwamuzi asiyekuwa na muda huo, akasema, ni king'ora tu.

Hesabuni wachezaji. Msicheke. Mwaka wangu wa pili niliwaruhusu ndugu zetu Warundi wacheze watu kumi na wawili kwa dakika ishirini na tano nzima. Jezi zao hazikutosha, wengine walivaa bluu, wengine kijani, mmoja alivaa fulana ya kampeni ya uchaguzi wa nchi fulani. Kila nikihesabu bluu napata idadi moja, kila nikihesabu kijani napata nyingine, nikajisemea hesabu itakuwa sawa tu. Aliyegundua ni kipa wao wenyewe, mlokole wa kweli, alinyoosha mkono akasema dhamiri inamsuta.

Na sala. Mechi zetu zote huanza kwa sala katikati ya uwanja, na hilo ni jema. Ila kuna pasta mmoja aliyekuwa akiombea timu zote mbili, halafu wagonjwa, halafu wajane, halafu karani wa ofisi ya vibali alainishwe moyo, na jua linazidi kushuka. Dawa yake niliipata kwa bahati tu. Mpeni pasta mpira aushike kwa mikono miwili kabla hajafumba macho. Sijui ni kwa nini, lakini mtu mwenye mpira mikononi haombi kwa muda mrefu.

Sasa nije kwenye kadi, maana ndilo jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Mnajua kwamba kombe letu kila mwaka huchezwa kwa ajili ya shida moja. Kuna mwaka wa mablanketi, kuna mwaka wa madawati ya wale watoto wanaosomea ukumbi wa kanisa, kuna mwaka wa kumrudisha nyumbani mama aliyeugua. Zamani mchezaji akipewa kadi alitozwa faini ya pesa, na hapo kila mtu akageuka fukara. Mtu anageuza mifuko ya bukta nje, anauliza mpira unachezwa na pochi? Mama Nabintu, anayeuza vitenge kule Point, alipokuwa mwenyekiti alichoka na maigizo hayo. Akatangaza kwamba faini ya pesa imekwisha. Kadi ya njano ni Jumamosi moja ya kuosha magari uani kwa kanisa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa saba. Nyekundu ni Jumamosi tatu. Wenye magari watalipa, na malipo yatakwenda kwenye shida ya mwaka ule.

Jambo likashika. Watu wa maghorofa ya ufukweni walileta magari, watu wa Morningside wakaleta yale makubwa yanayohitaji ngazi, na wachezaji wakawa wanapigiwa makofi wakishika ndoo. Kombe lilikuwa na jina zuri la umoja na undugu, lakini tangu mwaka ule hakuna anayelikumbuka. Likawa Kombe la Ndoo.

Hatari yake mmeiona? Mimi sikuiona kwa miaka mitatu. Mwamuzi wa kombe hili akitoa kadi, ameajiri mtu.

Mwaka uliofuata lile Kombe la Dunia tulicheza kwa ajili ya Faustin. Alikuwa kipa wa timu ya wapakizi wa Clairwood, mtu wa Uvira kama mimi, mwenye mikono mirefu na mdomo mrefu zaidi. Hakuna aliyenitukana vizuri kama yeye, na baada ya mechi hakuna aliyekuja kula kwangu mara nyingi kama yeye. Mwaka ule, kazini, mzigo wa mbao uliteleza kutoka kwenye foklifti ukamponda mguu wa kushoto. Ukakatwa chini ya goti.

Bosi wake hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kuna nafasi ya mlinzi wa geti inayoanza mwezi mpya, siku ya Jumatatu. Kazi yenyewe ni kulizunguka kila lori kabla halijatoka, kukagua matairi na lakiri za kontena, karatasi mkononi. Magongo hayawezekani, kwa sababu mikono lazima iwe huru. Faustin akifika Jumatatu hiyo akiwa anatembea, nafasi ni yake. Asipofika hivyo, kuna wengine wanaingoja. Ana mke na watoto wawili, na chumba chao kinalipiwa mwisho wa mwezi kama vyumba vyetu vyote.

Kliniki ilikuwa imeshampima na kumtengenezea mguu. Alikuwa akifanyia mazoezi mguu wa kuazima pale pale kliniki, mara mbili kwa wiki, na fundi alisema anajifunza upesi. Mguu wake mwenyewe ulikuwa kabatini ukingoja malipo.

Jumapili ya nusu fainali Mama Nabintu alikuja nikiwa nafunga kamba za viatu.

"Papa Simoni, inabakia four thousand rand," alisema. "Na Jumamosi ya kuosha imebaki moja tu yenye maana. Inayofuata tutakuwa tumechelewa."

"Wiki hii una watu wangapi wenye kadi?"

"Wawili. Na mmoja wao anaoshaka kama mtu anabembeleza mtoto."

Hakuniomba kitu. Naapa hakuniomba, na msije mkamsingizia. Alisema tu, akaenda kukaa kwenye kivuli cha hema la soda. Lakini mimi niliingia uwanjani nikiwa nimeshaanza kuhesabu ndoo.

Nilitoa kadi kumi na moja siku ile. Tano zilikuwa za haki, hata leo nitazitetea. Sita zilikuwa za mguu wa Faustin. Ya kwanza nilimpa beki wa Kirundi kwa kumgusa mtu begani, na sababu ya kweli ni kwamba hakuna mwanadamu anayeng'arisha magurudumu kama yule. Ya pili nilimpa mrefu mmoja kwa sababu anafika juu ya paa la gari bila kiti. Mnaona nilivyokuwa nimefika? Nilikuwa natazama mpira kwa jicho moja na kwa jingine nachagua vibarua. Watu walidhani ni ukali wa nusu fainali, wengine wakasema sasa arbitre, mwamuzi wetu, amekua.

Ya sita nilimpa Eliya.

Eliya alikuwa kinyozi kwenye saluni moja ya Point, kijana wa Bukavu, anacheza pembeni kulia kwenye timu ya vinyozi. Mpira ulitoka, akaukimbilia ili aurushe. Nikapuliza, nikamwonyesha njano.

"Papa arbitre, nimefanya nini?"

"Unachelewesha mchezo."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa bibi yake. "Tunafungwa moja bure! Nachelewesha kwa faida gani?"

Vijana, hapo ndipo mwamuzi mwenye aibu angeanguka chini akajifanya mgonjwa. Mimi nikaandika jina lake. Baada ya mechi akanifuata mpaka kwenye begi langu, jasho linamtiririka.

"Papa, ninakuomba. Jumamosi hii iko mariage mbili. Wanaume wote wa zile arusi wanakuja kwa kiti yangu, bosi alishawapa saa. Nikikosa, bosi haiko mtu wa kucheka naye. Nipe Jumamosi ingine, hata mbili."

"Mwambie bosi wako ni kwa ajili ya Faustin."

Akafuta jasho, akasema, "Sharp," yaani sawa, kwa sauti ndogo, akaondoka.

Mnataka kujua kwa nini nilimchagua yeye? Kwa sababu ana adabu. Wenye kiburi ukiwapa kadi ya uongo hawaji kuosha, wanakuja kugombana. Wenye adabu huja. Nililijua hilo nikalitumia, na katika yote niliyofanya uwanjani kwa miaka saba, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Jumamosi ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Magari yalipanga foleni kutoka uani kwa kanisa mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, povu linateremka mtaroni, kina mama wanakaanga mandazi, mtu kafungua redio ya gari la mteja kwa sauti ya juu. Faustin alikuwa kwenye kiti cha plastiki, magongo pembeni, kazi yake kushika funguo za magari ili zisichanganyike. Eliya aliosha tangu alfajiri mpaka mwisho. Alimsalimia Faustin vizuri, akamuuliza habari za watoto, akarudi kwenye ndoo yake. Simu yake iliita mara nyingi. Mwishowe akaizima.

Four thousand ilipatikana siku ile ile. Jumanne Mama Nabintu alipeleka malipo, Alhamisi Faustin akaenda nyumbani na mguu wake. Nilijiona mtu mkubwa. Nilitembea South Beach nikiwa nimetanua kifua, najiambia kwamba kosa dogo limeleta heri kubwa.

Ijumaa nikaenda kunyolewa, ili Jumapili kwenye fainali nionekane mtu. Kwenye kiti cha Eliya alisimama kijana mwingine nisiyemfahamu. Nikakaa, akanifunga kitambaa, akaanza upande wa kushoto.

"Eliya yuko wapi leo?" nikauliza.

"Eliya haiko tena. Bosi alimufukuza ile Jumamosi. Bwana arusi alifika na watu yake kumi, wakakuta kiti bure. Walienda saluni ya pili pale mbele. Bosi alisema kama mpira ni bora kuliko kazi, aende kwa mpira."

Mashine iliendelea kulia sikioni mwangu. Nilisimama. Kijana akasema, "Papa, sijamaliza," na mimi nikaweka pesa mezani, nikatoka nikiwa nimenyolewa nusu kichwa. Watoto wa barabara nzima walifurahi siku ile.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Nabintu. Alitazama kichwa changu kwanza, akataka kucheka, halafu akaona uso. Nikamweleza yote, kadi moja moja. Aliweka chini kitenge alichokuwa anakunja.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi nyamaza, Simoni. Nyamaza kabisa. Ukisema sita zilikuwa za uongo, watu watasema zote ni za uongo. Nani atashika ndoo tena? Na mwaka ujao akianguka mwingine, tutamsaidia na nini? Eliya tutamtafutia kiti fasi ingine, polepole."

Alikuwa na hoja, na mpaka leo nakiri alikuwa na hoja. Nililala nayo, nikaamka nayo, na asubuhi nikaenda kwa Faustin ili anipunguzie mzigo. Nilitaka aniambie, si neno, kaka, umeniokoa. Hiyo ndiyo hadithi niliyokwenda kuitafuta.

Mguu ulikuwa umesimama kando ya dirisha, umeshavalishwa kiatu cheusi kilichopakwa rangi. Faustin alikaa kitandani. Nilipomaliza kueleza alivuta magongo yake, akayalaza mapajani.

"Ile Jumamosi yote Eliya alikuwa mbele yangu," akasema. "Mimi nimekaa kwa kiti, yeye anaosha. Ananiuliza watoto wanasoma wapi. Na alikuwa anajua kiti yake inaenda. Hakunisemea hata neno."

"Sikujua watamfukuza, Faustin."

"Alikuambia. Umesema mwenyewe alikuambia."

Nikakitazama kile kiatu cheusi.

"Sikiliza, kaka. Mimi sina aibu ya kusaidiwa, mguu nitauvaa. Lakini sitauvaa mpaka useme mbele ya watu. Usiseme kwangu tu, sema mbele ya Eliya na wale wengine watano."

"Na Jumatatu? Kazi ya geti?"

"Jumatatu iko mu mikono yako, si yangu."

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia afikirie mke wake, na mke wake, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, akasema bila kugeuka kwamba yeye ameshafikiri na anakubaliana na mume wake. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Hasira ile ilikuwa ya mtu aliyekamatwa, nilijua hivyo, lakini ilikuwa hasira kweli. Mke wangu alinimalizia kichwa kwa mkasi bila kuniuliza swali, na hiyo nayo ilikuwa adhabu.

Jumapili uwanja ulijaa. Fainali ilikuwa ya wapakizi wa Clairwood na Warundi. Faustin alikuja kwa magongo, mguu wa suruali umefungwa fundo, na nikasikia watu wanaulizana kwa nini, si mguu umeshapatikana? Mama Nabintu alinikazia macho. Pasta aliomba, na mpira mikononi, akamaliza upesi kuliko nilivyotaka. Nikawaita manahodha, nikawaita wachezaji wote, nikasema na wale wa pembeni wasogee.

Sikuwa na hotuba. Nilisema hivi: "Wiki mbili zilizopita nilitoa kadi kumi na moja. Sita hazikuwa na kosa. Nilizitoa ili nipate watu wa kuosha magari." Nikataja majina, jina la mwisho likiwa la Eliya, nikasema amefukuzwa kazi kwa sababu yangu, na kwamba Faustin hakujua lolote.

Yule beki wa magurudumu akapiga ukelele, "Nilisema mimi! Nilisema sikumgusa!" Halafu kila mtu akawa na kadi yake. Mmoja alidai kadi ya miaka miwili nyuma, mwingine alidai penalti, mwingine alidai kadi aliyopewa na mwamuzi ambaye alishahamia Cape Town. Nahodha wa Clairwood alivua jezi akasema twendeni nyumbani, kombe gani hili. Warundi nao wakaanza kufungua viatu. Mama Nabintu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikajua alichoniambia ndicho kinachotokea mbele ya macho yangu.

Eliya alipita katikati ya watu. Hakuwa na jezi, timu yake ilikuwa imeshatolewa, alikuja tu kutazama. Alisimama mbele yangu.

"Kadi za uongo zilikuwa ngapi, Papa?"

"Sita."

"Basi Jumamosi sita. Utaosha peke yako. Mtu asikusaidie."

"Nimekubali."

"Na leo hupulizi." Akanyoosha mkono, nikampa filimbi.

Alitaka tu kuninyang'anya, nadhani, hakuwa na mpango nayo. Akabaki ameishika, anatazama huku na huku nani ampe. Nahodha wa Clairwood, jezi bado begani, akasema, "Puliza weye. Hapa hakuna mtu anaweza kusema umepewa kitu." Warundi wakasema, eish, hiyo ni sawa. Na kinyozi asiye na kiti akachezesha fainali.

Alichezesha vibaya sana. Alisahau kona mbili, alisimama mahali ambapo mpira ulimgonga mgongoni, na alimwonyesha kipa mpya wa Clairwood njano kwa mkono usiokuwa na kadi. Lakini yule kipa alikwenda kwa Mama Nabintu mwenyewe akamwambia aandike jina lake. Hapo Mama Nabintu akaondoa mikono kichwani.

Nusu saa baada ya mechi nilimwona Faustin anaondoka na mke wake, bila kuniaga. Sikujua kama kesho yake atauvaa mguu aende getini, au nimeshachelewa.

Jumatatu jioni niliongozana na Mama Nabintu kwenda kwa mwenye saluni. Mama alikuwa bado amenikasirikia, alinisemesha kama mtu anayeagiza nyanya, lakini alikuja. Bosi yule alitusikiliza, akasema kiti kimeshapata mtu na hawezi kumtoa asiye na kosa. Alichoweza ni kumpa Eliya kiti cha plastiki karibu na mlango, wateja watakaomfuata awanyoe. Wiki ile wachezaji watano wa zile kadi zangu walikwenda kunyolewa kwenye kiti cha plastiki, na mmoja wao hana nywele. Kabla mwaka haujaisha Eliya alikuwa na kiti cha kweli. Mimi aligoma kuninyoa miezi minane. Mwezi wa tisa akasema, "Kaa," na sikuuliza kwa nini. Ndiye huyo huyo anayewafundisha ninyi sheria kila Jumatano, na ndiye aliyenituma niandike haya bila kujipendezesha. Basi mkikosea mahali pa kusimama kwenye kona, mjue mmerithi kwa nani.

Kanuni mnazozikuta leo zilitoka hapo. Mwamuzi hakai kwenye kikao cha kombe wala haambiwi kimepatikana kiasi gani. Mwenye kadi ambaye Jumamosi ni siku yake ya riziki huruhusiwa kuosha siku nyingine. Mkisikia mtu anasema hizi ni kanuni za watu wasioaminiana, mwambieni mimi nimezilipia.

Nililipa Jumamosi sita. Nitawasimulia ya kwanza tu, tano zilizobaki ni mgongo na maji baridi.

Nilifika saa kumi na mbili, peke yangu, ndoo mbili na brashi. Eliya alikuwa ametangaza mtu asinisaidie, na watu wetu, ambao hawatii amri hata ya kufunga mlango, hiyo waliitii. Kina mama wa mandazi walinitazama kama sinema. Ilipofika saa nne nilikuwa nimemaliza magari manne, na la tano lilikuwa la mtu wa Morningside, refu, jeupe, limetoka mashambani na matope yake yote. Vidole vilikuwa vimekunjamana. Goti lilikuwa limeanza yale mambo yake.

Nikainua kichwa ili nipumue. Kule kwenye robot mtu alikuwa anavuka barabara, kabana kifurushi cha karatasi chini ya kwapa, na mikono yake yote miwili ilikuwa huru. Alikuwa anatembea polepole, anaweka mguu wa kushoto kwa uangalifu kama anayepima kina cha maji. Teksi ilimpigia honi. Faustin alisimama katikati ya barabara akaitukana kwa lugha tatu, akaendelea na safari yake.

Sikumwendea. Niliogopa nikisogea nitalia mbele ya kina mama wa mandazi. Aliingia uani, amevaa sare ya geti yenye mistari inayong'aa, akaweka kifurushi juu ya ukuta.

"Umetoka zamu?" nikamuuliza.

"Zamu ya usiku. Malori thelathini." Hakunitazama. Alikuwa ameshaanza kulizunguka gari, kichwa ameinamisha, mikono nyuma, anakagua tairi moja baada ya jingine. Alipofika nyuma akasimama.

"Hapa ndani ya tairi iko bado matope."

"Faustin, niko peke yangu tangu alfajiri."

"Angalia mwenyewe."

Niliinama nikaangalia. Matope yalikuwepo. Nikachovya brashi, nikapiga magoti, nikaanza upya. Nilipoinua macho alikuwa analizunguka gari lile mara ya pili, kwa hatua ndefu kidogo kuliko mwanzo, na safari hii hakuwa anakagua chochote.